Mgongo na pikipiki: maswali ambayo waendeshaji wa boda huniuliza kila mara

Nimeendesha boda miaka 14. Mitano ya kwanza ilikuwa Busia, upande wa Uganda, huko huko ambako kazi hii ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani. Iliyobaki ni Kampala, steji yetu ikiwa Kireka, kando ya barabara ya Jinja. Mwaka 2019 mgongo ulinishika hadi mwanangu wa miaka 6 akawa ndiye ananifunga kamba za viatu. Nilipona kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na viungo, katika hospitali ya serikali, na tangu hapo wenzangu hunijia na maswali yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu niliyofundishwa na niliyoyahakikisha mwenyewe juu ya siti.

Mbona mgongo unauma na mimi nimekaa tu, sibebi kitu?

Kukaa juu ya pikipiki ni kazi. Kwenye kiti cha nyumbani unaegemea, kwenye boda huna pa kuegemea, kwa hiyo misuli ya mgongo na tumbo ndiyo inakushikilia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Injini inatetemeka, barabara inarusha, na misuli hiyo inajikaza na kulegea maelfu ya mara bila wewe kujua. Ikifika jioni imechoka. Ndiyo maana shimo lile lile ulilolipita asubuhi bila kuhisi kitu linakuchoma kiunoni saa mbili usiku.

Kuna jambo la pili ambalo mimi sikulijua kabisa. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna diski, mto laini unaopokea mishtuko. Mto huo hauna mishipa yake ya damu kama misuli ilivyo. Unapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo inavyonyonya maji. Ukitembea, unabanwa na kuachiwa. Ukikaa saa tatu umejikunja juu ya tangi, unabanwa tu. Mtaalamu wangu aliniambia: "Ssebo, tatizo lako si pikipiki. Tatizo ni kwamba hushuki."

Kwa hiyo nishuke mara ngapi?

Kila unapomshusha abiria. Kama safari ni ndefu, tuseme unampeleka mtu Mukono au Entebbe, simama njiani kila baada ya nusu saa au dakika 40 hivi.

Ukishuka, tenganisha miguu kidogo, weka mikono kiunoni vidole gumba vikiwa nyuma, kisha jipinde kurudi nyuma taratibu huku unapumua nje. Rudi katikati. Fanya hivyo mara 5 hadi 10, halafu tembea hatua kama 20. Siku ya kwanza utaona aibu, abiria watakutazama. Wiki ya pili hakuna anayejali. Zoezi hilo likikuletea maumivu yanayoshuka mguuni, liache, umwone mtaalamu kwanza.

Najua neno linalofuata: hesabu ya tajiri, yaani pesa ya kila siku ya mwenye pikipiki. Ukisimama unapoteza wateja. Nimepiga hesabu hiyo mwenyewe. Dakika moja kwa kila safari, kwa safari 20, ni dakika 20 kwa siku. Mimi nililala chini siku 11 na tajiri akampa mtu mwingine pikipiki.

Na pale stejini, wakati wa kusubiri, usikae juu ya pikipiki. Wengi wetu tunalala kabisa, kichwa kwenye usukani na miguu kwenye siti ya abiria, tukidhani tunapumzika. Mgongo umepinda vile vile. Sisi tulikubaliana na mwenyekiti wa steji kuleta benchi, na anayefuata kwenye foleni husimama. Mabishano ya mpira yanaendelea vizuri tu watu wakiwa wamesimama.

Nikae namna gani nikiendesha?

Kaa juu ya mifupa ya makalio, siyo juu ya mkia wa mgongo. Ukitaka kuijua tofauti, keti kwenye benchi, weka viganja chini ya makalio, utahisi mifupa miwili migumu. Ukijikunja, mifupa hiyo inapotea na uzito unahamia nyuma. Juu ya boda unataka uihisi. Ukihitaji kuinama mbele, inamia kwenye nyonga, mgongo ubaki na umbo lake. Magoti yaguse tangi, viwiko viwe vimelegea kidogo. Mkono uliokazwa kama fimbo unapeleka kila mtikisiko begani na shingoni.

Abiria mzito hukusukuma mbele kidogo kidogo hadi unajikuta umekalia tangi. Mwambie kwa heshima: "Nnyabo, samahani, rudi nyuma kidogo." Na sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja. Ukibeba wawili, mbali na hatari ya ajali, wewe ndiye unayebanwa ukakosa hata inchi ya kujirekebisha.

Toa pia pochi na simu mfuko wa nyuma. Kitu kinene chini ya tako moja kinainamisha kiuno siku nzima.

Maumivu yangu ni upande mmoja tu. Kwa nini?

Swali hili nalipenda kwa sababu lilikuwa langu. Mimi niliumia kulia tu. Nilimeza vidonge, nikapakwa dawa za kuchua, wapi. Fundi mmoja wa Banda, niliyempelekea pikipiki kubadilishiwa cheni, ndiye aliyeniuliza kama niliwahi kuanguka. Nilianguka, ndiyo, miezi minane nyuma, kwenye matope ya Bweyogerere, na pikipiki ililalia upande wa kulia. Akachukua uzi, akaufunga kwenye nati ya katikati nyuma ya siti, akauvuta hadi ncha ya usukani upande wa kushoto, akauwekea fundo. Akaupeleka kulia. Fundo likapitiliza ncha kwa upana wa vidole viwili. Kwa miezi minane nilikuwa naendesha nimejipinda kama mtu anayechungulia dirishani, wala sikujua, kwa sababu mwili unazoea.

Usukani ulinyooshwa asubuhi hiyo. Maumivu hayakuisha siku hiyo, yalichukua kama wiki tano, lakini kila wiki ilikuwa afadhali kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo kama umewahi kuanguka, hata kidogo, pima kwa uzi. Angalia na vikanyagio, kimoja kisiwe kimepinda juu kuliko mwenzake.

Sababu nyingine za upande mmoja ni hiyo pochi, mfuko mzito unaoning'inia bega lile lile kila siku, na kupiga kiki huku umejipinda. Kiki ipigwe ukiwa umesimama wima, uzito wa mwili ndio ushuke, usiizungushie kiuno.

Pikipiki yenyewe nirekebishe nini?

Anza na shokapu za nyuma. Bonyeza mkia wa pikipiki kwa nguvu uuachie. Ukipanda mara moja na kutulia, ziko sawa. Ukiendelea kudunda kama mpira, zimekufa. Pitisha kidole kwenye fimbo ya shokapu. Kikitoka na mafuta, sili imechoka na inavuja.

Pikipiki nyingi tunazotumia, Bajaj Boxer na jamaa zake, zina pete yenye ngazi kwenye springi ya nyuma. Ukiizungusha, springi inakazwa au inalegezwa. Mafundi wetu huikaza hadi mwisho na kuiacha hapo, kwa sababu tunabeba mizigo. Wengine huenda mbali zaidi, wakaongeza shokapu mbili nyingine ili gunia likae. Inafaa siku ya gunia. Siku ya abiria mmoja mwembamba, au ukiwa peke yako, springi hiyo haitembei kabisa na kila jiwe linakuja moja kwa moja kiunoni. Kama kazi yako kubwa ni abiria, rudisha ngazi moja au mbili uone tofauti barabara ya murram.

Tairi nalo ni shokapu. Kuna wanaojaza upepo hadi liwe jiwe, wakiogopa pancha. Fuata kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa tairi la nyuma hutofautiana ukiwa peke yako na ukiwa na abiria. Lipimwe kwa geji asubuhi, likiwa halijapata joto. Kulipiga teke hakukuambii kitu.

Siti ibonyeze kwa ngumi. Ukihisi bati chini, sponji imekwisha. Mshona siti atakuwekea nyingine. Mwombe sponji ngumu kiasi, kwa sababu ile laini sana huzama yote ndani ya mwezi. Na mwambie asiiinamishe mbele. Siti iliyoinama inakutelezesha kwenye tangi kila unaposhika breki.

Mashimo na matuta nifanyeje?

Punguza mwendo kabla, siyo juu yake. Ukiona shimo huwezi kulikwepa, hamishia uzito kwenye vikanyagio na uinue makalio kidogo, magoti yakiwa yamekunjwa. Miguu ina misuli mikubwa, acha ndiyo ipokee. Ukiwa na abiria huwezi kusimama kabisa, lakini kukanyaga tu kwa nguvu kunapunguza pigo. Na umwambie: "Shika, kuna tuta." Mgongo wake nao ni mgongo.

Nabeba matoke na mkaa. Nitaachaje?

Huna haja ya kuacha. Shida kubwa mara nyingi si safari, ni kupakia na kupakua. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20 na zaidi, mkungu mkubwa wa matoke unaweza kupita hapo, gunia la mkaa ndiyo usiseme. Umetoka kukaa saa nzima, mgongo umelala, halafu unainama ghafla na kujizungusha na mzigo mikononi. Hapo ndipo watu wengi husikia "kwa!" kiunoni.

Ukifika, tembea kwanza dakika moja au mbili. Kunja magoti, mzigo uwe karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka geuza miguu, usigeuze kiuno. Gunia libebwe na watu wawili, hata kama ni la mteja anayekuharakisha. Stendi kubwa ya katikati nayo ina namna yake: ikanyage kwa uzito wako wote huku mkono umeshika keria, pikipiki ipande yenyewe. Wanaoivuta kwa mikono huumia.

Ninyi mnaopeleka vyakula na vifurushi, sanduku likae kwenye keria. Likiwa la kubeba mgongoni, legeza mikanda hadi kitako chake kikalie siti.

Akina mama wanaokaa upande, wanaumia?

Wanaumia, hasa safari ikiwa ndefu. Mwenye gomesi (gauni refu la kitamaduni) au sketi ya kubana hana namna nyingine, lakini kiuno chake kimepinda njia nzima na hana pa kukanyaga kwa miguu yote miwili. Anakupinda na wewe pia, kwa sababu unasawazisha uzito ulioegemea upande mmoja. Mwenye suruali akae kwa kupanua miguu. Mjamzito anayesikia mgongo, kama ana nauli ya teksi, namshauri apande teksi, hata kama mimi ndiye ninayekosa pesa hiyo.

Mkanda wa kiunoni unasaidia?

Kwa siku chache mgongo ukiwa umeshika, ndiyo, unakukumbusha usijikunje. Ukiuvaa kila siku kwa miezi, misuli yako inauachia mkanda kazi yake. Mkanda wako wa kweli ni misuli ya tumbo.

Ni upepo unaoingia mgongoni?

Hapana. Baridi hukaza misuli na mgongo unaouma utauma zaidi alfajiri, ndiyo maana tunavaa koti kinyumenyume, kifua kikiwa kimezibwa. Endelea kulivaa. Lakini upepo hauingii ndani ya mifupa.

Au ni figo?

Kwa kawaida maumivu ya figo hukaa juu kidogo ya kiuno, chini ya mbavu, na hayabadiliki sana ukijinyoosha au ukilala. Mara nyingi huja na homa, kichefuchefu, au mkojo unaochoma au wenye damu. Ukiona hivyo, nenda upimwe mkojo. Maumivu yanayoongezeka ukikaa na kupungua ukitembea mara nyingi ni ya mgongo wenyewe. Hata hivyo kunyweni maji. Wengi wetu tunashinda na chupa moja ya soda kwa sababu choo mjini ni cha kulipia, na mkojo unakuwa kama chai. Vijiwe vya figo vinapenda mtu wa namna hiyo.

Ni kweli pikipiki inamaliza nguvu za kiume?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nalijibu kwa sauti ya kawaida. Siti iliyochoka au iliyoinama hubana mishipa ya damu na ya fahamu katikati ya miguu, na unaweza kufa ganzi hapo baada ya safari ndefu. Kushuka na kutembea huirudisha hali, na siti nzuri huizuia. Kama tatizo la nguvu linaendelea, pima kisukari na shinikizo la damu kabla ya kuilaumu pikipiki au kununua dawa za barabarani. Ila ganzi hapo pamoja na maumivu ya mgongo ni jambo jingine kabisa. Soma jibu la hospitali hapa chini.

Nimeze dawa gani? Sindano je?

Ibuprofen, baada ya kula, kwa siku chache, humsaidia mtu aendelee kutembea. Usiimeze kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu bila kumwuliza musawo, yaani daktari. Kumeza dawa za jamii hiyo kila asubuhi kabla ya kazi, mwezi baada ya mwezi, ni njia ya kujitafutia vidonda na figo mbovu.

Kuhusu sindano nina uchungu wangu. Mwaka ule kliniki moja ya jirani ilinichoma sindano ya kutuliza maumivu siku tano mfululizo. Hakuna aliyenigusa mgongo. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Kila jioni nilihisi nafuu, kila asubuhi nikapanda pikipiki ile ile yenye usukani uliopinda. Ukichomwa, uliza ni dawa gani na inatibu nini. Una haki ya kujibiwa.

Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 au 20 kiunoni, halina madhara ilmradi halikuunguzi, na kwa wengi linafaa sana.

Nilale hadi nipone?

Usilale. Siku moja au mbili za kupunguza kazi sawa, lakini mtu akilala wiki nzima misuli inalegea na anaamka mbaya zaidi. Tembea, hata kama ni kuzunguka nyumba. Maumivu mengi ya kawaida ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki chache. Mimi nilichelewesha nafuu yangu kwa kulala.

Usiku, lala kiubavu na mto kati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Habari ya kulala sakafuni si lazima. Godoro la ugumu wa kati lisilobonyea linatosha.

Mazoezi gani ya nyumbani?

Matatu, kwenye mkeka, dakika 10 kabla ya kuoga.

La kwanza, lala chali, kunja magoti, nyayo chini, nyanyua kiuno hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti, hesabu hadi 5, shuka. Mara 10.

La pili, piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usiyumbe. Fikiria kuna bilauri ya maji juu ya kiuno chako, isimwagike. Badilisha. Mara 8 kila upande. Zoezi hili ndilo lililoniponya kuliko dawa yoyote, na wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka kama jani.

La tatu, goti moja chini, mguu mwingine mbele, sukuma kiuno mbele hadi usikie paja la mguu ulio nyuma linavutika kwa mbele, juu karibu na nyonga. Sekunde 30. Msuli huo hufupika kwa kukaa, na ukifupika unavuta kiuno.

Naweza kukanyagwa mgongo, au kwenda kwa fundi wa mifupa?

Kuchuliwa kwa mikono na mafuta, sawa. Kukanyagwa na mtu, au kuvutwa hadi kualike, hapana, hasa kama hujajua kinachouma. Pingili iliyodhoofika kwa ugonjwa inaweza kuvunjika.

Lini niende hospitali bila kusubiri?

Siku hiyo hiyo, hata usiku: ukifa ganzi sehemu zinazogusa siti, yaani katikati ya mapaja na sehemu za siri, ukishindwa kukojoa, au mkojo au choo kikitoka bila kujua, au mguu ukikosa nguvu hadi unaburuta ndala. Hapo mishipa ya fahamu imebanwa na kila saa ina maana. Vilevile maumivu yoyote ya mgongo baada ya ajali. Usimwinue mwenzako aliyeanguka kwa kumshika kwapa. Mlazeni bila kumpinda hadi msaada ufike.

Ndani ya siku chache: maumivu yanayokuamsha usiku hata ukigeuka vipi, homa, jasho la usiku, kukonda, au maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50. Mwenzetu mmoja alipaka dawa za kuchua miezi minne huku suruali zinamlegea. Kilikuwa kifua kikuu, kimeshika pingili za mgongo. Wengi hudhani TB ni kikohozi tu. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na yeye sasa anaendesha. Na mnaokunywa maziwa mabichi huko Nakasongola au Karamoja, homa ya kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya viungo na kiuno inaweza kuwa bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mwambieni musawo kuhusu maziwa.

Maumivu yanayoshuka chini ya goti kama umeme, bila dalili hizo za hatari, si ya kukimbia usiku, lakini usiyakalie. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Jinja, Arua au Mbarara, na Mulago hapa Kampala, zina kitengo cha fiziotherapia. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua.

Nipige picha ya eksirei kwanza?

Si lazima. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi diski wala misuli. Daktari akikupima kwa mikono na asione dalili za hatari, weka pesa hiyo kwenye shokapu.

Nimepata nafuu. Nirudi barabarani vipi?

Wiki ya kwanza nusu siku, safari fupi, lami. Hakuna magunia. Wiki ya pili ongeza saa mbili. Maumivu yakirudi kidogo jioni na kuisha usiku, endelea; yakibaki hadi asubuhi, rudi hatua moja. Mimi nilimweleza tajiri wangu mpya ukweli, kwamba mwezi wa kwanza hesabu itakuwa nusu. Alifikiri kidogo, akauliza kama nitaitunza pikipiki. Nikamwonyesha uzi wenye fundo niliokuwa nao mfukoni.